Talaka Iliyotundikwa Kwenye Pikipiki

Watu wa Mitwero, kule Lindi, watakwambia kwamba Mwanaheri alipata habari za talaka yake kabla mumewe hajamaliza kuitamka. Yeye alikuwa uani anakuna nazi, Rehani yuko barabarani mbele ya gereji yake, na katikati pana nyumba za watu na vyoo vyao. Lakini maneno ya namna ile hayangoji mjumbe, yanaruka paa kwa paa kama moto wa makuti. Nazi haijafika nusu, jirani kashaweka kichwa juu ya ua.

"Mama Kibibi, umeachwa."

"Nani kasema?"

"Bado hujaachwa. Utaachwa. Inategemea pikipiki."

Mwanaheri akakung'uta chicha mikononi, akavuta kanga, akatoka. Na huko barabarani mambo yalikuwa hivi.

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, wanaume wamekaa kibarazani na vikombe vya kahawa. Rehani, fundi wa pikipiki, alikuwa amelitoa nje lile dude lake jeusi la Kijapani, cc elfu moja, alilolinunua Dar likiwa vipande ndani ya magunia. Kwa miaka alikuwa akisimulia kwamba pikipiki ile aliwahi kuishindanisha na ndege inayoruka uwanja wa Kikwetu, mpaka rubani akatoa mkono dirishani kumwomba apunguze mwendo. Walioamini walikuwa wachache, ila hakuna aliyechoka kusikiliza. Basi siku hiyo akaiwasha mbele ya watu. Ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikazimika.

Wakati huohuo akapita Ignatius, mnunuzi wa ufuta, kijana wa bara mwenye pikipiki kubwa nyekundu iliyotoka dukani mwaka huu. Akasimama, akavua kofia ngumu.

"Mzee Rehani, hiyo pikipiki au mashine ya kukobolea? Nina mpunga nyumbani, niulete?"

Watu wakacheka. Rehani akasema, "Pita zako, mtoto. Hii ilipotoka ulikuwa hujazaliwa."

"Ndivyo ninavyosema, mzee. Imeshakufa. Izike, imeanza kunuka. Halafu mkeo anakula nini, na wewe kila shilingi unailisha maiti?"

Hapo sasa ndipo alipomgusa pabaya. Rehani akainuka, spana mkononi, mishipa ya shingo imemsimama kama kamba za nanga.

"Mbele ya Mungu na nyie mlioko hapa! Pikipiki hii isipoipita hiyo takataka yako, kutoka hapa mpaka Kilangala, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, mke wangu kaachika! Talaka tatu!"

Muuza kahawa akamimina nje ya kikombe. Ignatius mwenyewe, ambaye kwao Jumapili ni kanisani, akarudi nyuma hatua.

"Mzee, mimi nilikuwa natania."

"Mimi sikutania."

Sheikh Shaaban alikuwa palepale, kikombe kimeishia njiani kuelekea mdomoni. Wakamgeukia wote. Akaweka kikombe chini, akapangusa ndevu, akasema, "Talaka ukishaitundika kwenye jambo, inakaa hapo inangoja jambo lake. Siyo nguo kwenye kamba, ukaiona mvua ukaianua."

Maneno hayo ndiyo Mwanaheri aliyoyakuta. Alimtazama mumewe, akaitazama pikipiki, akamtazama tena mumewe, kama mtu anayejaribu kuamua kipi kati ya viwili hivyo kimeharibika zaidi. Kisha akarudi kwenye nazi yake.

Rehani aliingia nyumbani kwa mlango wa uani, mdogo kama kuku aliyenyeshewa.

"Umeniweka mimi," alisema Mwanaheri bila kugeuka. "Hukuweka gereji. Hukuweka mikorosho. Hata ndevu zako hukuziweka. Umetafuta nyumba nzima kitu cha kupoteza, ukaniona mimi."

"Hasira, mke wangu."

"Hasira yako, ndoa yangu! Nikiachwa kwa kuunguza mchuzi, nitasema niliunguza mchuzi. Nikiachwa kwa pikipiki nitasema nini? Wajukuu waambiwe bibi yao aliishiwa petroli?"

Na hapo ndipo palipomuuma. Kuachwa hakukumtisha, alishawahi kuachwa na mume wa kwanza, na watu wakasema kanenepa. Kama siku yake ya kutoka nyumba ile ingefika, angetoka kwa miguu yake na kwa neno lake. Lakini kutolewa na chuma kibovu, barabarani, mbele ya wanywa kahawa, aitwe mpaka kaburini yule mke aliyepotelea Kilangala, hilo aliapa halitakuwa.

"Inaumwa nini?" akauliza.

"Nini?"

"Hiyo pikipiki yako. Ugonjwa wake nini?"

Rehani akachuchumaa, akachora chini kwa kijiti. Juu ya injini, alisema, kuna vyuma viwili virefu vinaitwa kemshafti. Vina mabonge kama nundu. Vikizunguka, nundu zinabonyeza valvu, injini inavuta pumzi na kuitoa. Za kwake nundu zimelika, zimebaki kama magoti ya mzee. Injini ina nguvu, ila pumzi haina. Zinatakiwa mpya, na za kumshinda Ignatius siyo za kawaida. Zinatakiwa za mashindano, zenye nundu ndefu.

"Zinauzwa wapi?"

"Japani. Miezi. Dar nimepiga simu nimechekwa." Akafuta mchoro kwa kiganja. "Pwani hii yote zipo kwa mtu mmoja tu. Kilwa Masoko. Kwa Bakary."

"Bakary gani?"

"Bakary wako."

"Siyo wangu. Niliachana naye wewe bado una kiuno."

Bakary ndiye huyo mume wa kwanza. Kilichokuwa baina yake na Rehani si uadui wa kawaida. Mara ya mwisho walikutana msibani Kivinje, wakakamatana mashati mpaka waliobeba jeneza ikabidi walitue wawaamue. Bakary alishatangaza kwamba kemshafti zile atazitupa baharini kwa mikono yake kabla mkono wa Rehani haujazigusa.

"Nitakwenda mimi," alisema Mwanaheri.

"Wewe unajua nini cha kemshafti?"

"Sijui kitu. Namjua Bakary."

*

Duka la Bakary lilikuwa karibu na soko la Masoko, matairi yamening'inia mlangoni, cheni zimefungwa mafungu kama vitunguu saumu. Ndani, nyuma ya meza ya kuuzia, alikaa Amina, mke aliyeingia pale Mwanaheri alipotoka, anachambua nati kwenye ungo. Alimwona mgeni tangu yuko barabarani. Hakuinuka.

"Kaja kuangalia kama nimekufa," alisema, akiuambia ungo.

"Nimekuja kununua spea."

"Spea ya nini? Ya ndoa?"

"Ndiyo. Na wewe ungekuwa nazo za akili ungejifungia."

Kabla Amina hajajibu, pazia la nyuma likafunguka, akatoka Bakary. Alipomwona Mwanaheri, uso ulimng'aa kama aliyepakwa mafuta.

"Mwanaheri! Karibu, karibu sana mgeni wetu. Amina, mke wangu, mpishe kiti. Tumesikia mtihani uliokupata, dada yangu. Wallahi sikulala."

Mwanaheri akakaa, akasema moyoni: tumeanza.

Maana aliishi na mtu huyo miaka ya kutosha kumjua kama njia ya chooni kwake. Bakary alikuwa na kasoro moja ambayo mwenyewe hakuwahi kuigundua: hakuweza kusema kweli kwa upole. Kweli ilimtoka kwa matusi, kama jipu linalotumbuka. Uongo ndio uliomfanya awe mtu wa watu. Sauti ikilainika, "mpenzi" na "wallahi" vikifuatana kama maharusi, ujue hapo kuna jambo. Siku alipomwapia Mwanaheri kwamba hataongeza mke, alisema kwa sauti ya asali huku akimpepea kwa upepeo. Juma lilelile Amina akaingia na masanduku.

"Nataka kemshafti za pikipiki ya yule mzungu," alisema Mwanaheri.

Mzungu huyo alikuwa akiizunguka Afrika kwa pikipiki ya mashindano, ya aina ileile ya Rehani, mpaka akagongana na ng'ombe wa kijiji cha Mitole. Ng'ombe akaondoka zake. Mzungu akabebwa kurudishwa kwao, na pikipiki Bakary akaichinja kama mbuzi wa sikukuu, akauza kila kiungo isipokuwa kemshafti, maana hapakuwa na mwenye injini ya kuziweka zaidi ya adui yake.

"Kwako wewe siwezi kukataa," alisema Bakary. Akaingia ndani, akatoka na vyuma viwili ndani ya karatasi nyeupe, vinang'aa kama vijiko vya harusini. Akavilaza mezani taratibu. "Hizi hapa, bibie. Wallahi wabillahi, ningekuwa na binti ningemtolea mahari hizi. Mwambie Rehani namsalimu, namwombea ushindi."

"Rudisha."

"Hujazishika, dada."

"Sina haja. Rudisha, lete nyingine."

Akaleta nyingine, hizi ndani ya boksi lenye maandishi. Sauti ikazidi kushuka, ikawa kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale. "Kwa heshima ya siku zetu, Mwanaheri mpenzi. Nilikuwa nimezificha, sikutaka uone kwamba nina kitu bora kuliko kile. Haki ya Mungu, hizi ndizo."

"Rudisha."

Amina akaacha nati. Alisikia ile "mpenzi", akasikia ile "haki ya Mungu", akainua kichwa, na macho yake yakakutana na ya Mwanaheri. Wanawake wale hawakuwahi kukubaliana hata juu ya jua linakochomoza. Lakini pale, juu ya boksi lile, kila mmoja akajua kwamba mwenzake anajua.

"Baba," alisema Amina polepole, "hiyo pikipiki ya Lindi isipopita, huyu si anaachika?"

"Tuombe Mungu apishe mbali, mke wangu mpenzi."

"Na kile chumba cha uani ulichokipaka rangi juzi, cha nani?"

"Cha wageni, nuru ya macho yangu."

Amina alipoitwa nuru ya macho, akaweka ungo chini. Akafunga kanga kiunoni, fundo la pili juu ya la kwanza.

"Anazo," alimwambia Mwanaheri kwa kona ya mdomo. "Mchokoe."

Mwanaheri akavuta pumzi. "Kumbe Rehani alisema kweli," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. "Alisema Bakary hana kemshafti wala hajawahi kuwa nazo. Alisema mtu huyu hajafungua injini akairudisha bila kubakiza nati kiganjani."

"Rehani ni mtu mwema," alisema Bakary. Ila jicho moja lilianza kumcheza.

"Hata mimi ndivyo nisikiavyo," alidakia Amina. "Wanasema ile ya mzungu aliipasua kwa shoka."

"Kwa shoka?"

"Kwa shoka, dada. Kama kuni. Halafu kemshafti akazifanya mchi wa kutwangia kisamvu."

"Masikini. Na anajiita fundi?"

"Anajiita. Wateja wanamwita vingine."

"Nani kasema shoka?" Bakary alibweka, na kuku waliokuwa mlangoni wakaruka mpaka barabarani. "Nani kasema shoka, vichaa wakubwa nyie! Mazumbukuku!" Akalivuta pazia likabaki mkononi. Huko ndani vikasikika vishindo, makopo yakianguka, mtu akizitukana rafu. Akarudi na furushi la gunia linalonuka grisi ya zamani, akalibamiza mezani mpaka nati zikaruka kwenye ungo.

Ndani mlikuwa na vyuma viwili vyeusi, vibaya vya sura, nundu zake zimechongoka kama za ng'ombe aliyenona.

"Tazama, kuku wee! Umeona nundu hizo? Hizo zinafungua valvu mpaka injini inameza hewa kama nyangumi! Zile nilizokuonyesha ni za pikipiki za kubebea mkaa, na wewe ulizikataa kwa ujinga tu, siyo kwa akili, maana akili hukuumbiwa! Na huyo mumeo zezeta atazifunga hizi na springi zake za zamani zilizolegea kama midomo yake, valvu zichelewe kurudi, pistoni izigonge, injini yote iwe kokoto! Springi zake hizi hapa, mpelekee mjinga mwenzio! Na atazame alama za gia, zote zielekee juu. Juu! Siyo pembeni kama anavyovaa kofia! Na akiiwasha itatetemeka kama mwenye homa ya malaria, asije akadhani imeharibika akaifungua tena, hayawani yule! Hiyo haitaki mwendo wa maharusi, inataka mbio, na kwenye mbio hakuna atakayeiona mgongo!"

Mwanaheri alisikiliza mikono imetulia mapajani, anakamata kila tusi lisidondoke. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia mtu yule akisema kweli nyingi hivyo kwa mkupuo mmoja.

"Funga," alimwambia Amina.

Amina alikuwa ameshafunga. Bei aliitaja yeye, ya chuma chakavu, na pesa akaipokea yeye, ikaingia kifuani kwake isikotoka. Ndipo Bakary akasimama kati ya sentensi, mdomo wazi, akaona furushi linakwenda. Sauti ikaanguka kama tanga lililokosa upepo.

"Mwanaheri, mpenzi wangu, ngoja kidogo. Sasa ndiyo nakumbuka, hizo zina ufa. Wallahi nakuonea huruma, dada yangu, zile za kwenye boksi..."

"Asante, Bakary," alisema Mwanaheri, na safari hii alimaanisha.

Mlangoni Amina akamfuata. "Ukiachika rudi kwenu Lindi. Usipitie huku."

"Nikiachika nitapitia huku makusudi ninywe chai yako. Lakini umenisaidia."

"Sikukusaidia wewe," alisema Amina, akasonya, akarudi kwenye nati zake.

*

Rehani alikuwa anamngoja nyumbani na vitambaa safi na kopo la mafuta. Alipoliona furushi, mikono ikamtangulia.

"Leta."

Mwanaheri akaliweka furushi juu ya kiti, akalikalia.

"Mwite kwanza Sheikh Shaaban."

"Sheikh anafunga kemshafti?"

"Mwite."

Sheikh akaja, akiwa na haraka ya mtu aliyeacha uji mezani. Mwanaheri hakuzungusha maneno.

"Sheikh, mume anaweza kutundika talaka ya mkewe kwenye pikipiki?"

"Kaitundika, umesikia mwenyewe."

"Basi anaweza kumpa na mkewe aishike?"

Sheikh akamtazama Rehani, akaitazama dari, akashusha pumzi. "Lipo. Mume anaweza kumkabidhi mke talaka yake. Mke akitaka kujiacha ajiache, asipotaka akae. Katika sheria lipo."

"Sheikh," alisema Rehani, "wewe uko upande gani?"

"Upande wa uji wangu, unapoa."

Rehani akacheka kidogo, peke yake. Kisha hasira zikampanda. "Unanitoza mimi? Ndani ya nyumba yangu? Mwanamke ashike talaka kama ufunguo wa kabati? Watu watasemaje?"

"Watu wameshasema, na aliyewapa la kusema ni wewe. Umeipa pikipiki talaka yangu. Haisali, haifungi, jina langu hailijui, na bado umeiamini. Mimi nimekupikia tangu Kibibi hajazaliwa. Ninachotaka nami niaminiwe kama pikipiki."

"Sisemi!"

"Usiseme. Mimi nimekaa pazuri."

Akakaa. Rehani alitoka nje, akarudi, akatoka. Akarudi tena na kumwita majina ambayo hayakuwahi kuingia nyumba ile. Yeye akamrudishia majina mengine, na ya kwake yalikuwa na ncha. Kibibi, binti yao, alikuja kutoka mjini kusuluhisha, akafukuzwa na wote wawili kwa pamoja. Lilikuwa jambo pekee walilokubaliana. Chakula hakikupikwa. Mwezi mwembamba wa Shaabani ulikuwa ukizidi kukonda juu ya paa, na Ignatius alipita barabarani asubuhi na jioni, akipiga honi mbele ya gereji iliyofungwa, kuuliza mbio ni lini.

Honi ile ndiyo iliyomshinda. Rehani akamrudisha Sheikh, akasimama mbele ya kiti, uso kama wa mtu anayemeza kwinini bila maji.

"Nimekukabidhi talaka yako, Mwanaheri. Siku yoyote utakayotaka, jiache."

"Nimepokea."

Akainuka, akampa furushi, akampa springi, akampa na maelekezo kama alivyoyapokea, neno kwa neno: zezeta, midomo iliyolegea, hayawani.

"Kofia pembeni kasema nani?"

"Kasema fundi. Alama juu. Endelea."

Alifunga akitukana, lakini alifunga alivyoambiwa. Pikipiki ilipowaka, ilitetemeka kama mwenye homa. Rehani akashika spana aifungue tena, Mwanaheri akampokonya.

"Iache. Ndivyo ilivyotakiwa."

Basi mkononi alikuwa na talaka yake mwenyewe. Lakini ile nyingine, ile ya kibarazani, ilikuwa bado imetundikwa palepale. Pikipiki ikishindwa, talaka tatu zinaanguka, na hii ya mkononi inakuwa kama tiketi ya gari lililokwishaondoka.

*

Siku ya mbio, mwezi wa Ramadhani bado haujaandama, Mwanaheri hakukaa Mitwero kuona watu wakianza. Alipanda gari la mapema akaenda kungojea Kilangala, kwenye kibao cha muuza machungwa pembeni ya lami, amejifunika kanga mpaka puani. Watu walijaa pande zote mbili za barabara. Walimpisha, wakamtazama kwa pembe ya jicho kama anavyotazamwa mfiwa.

Aliyesimulia mwanzo wa mbio ni dereva wa lori aliyesimama pale, kapigiwa simu na mwenzake aliyepishana nao njiani. Alisema Ignatius ameondoka kama risasi, na Rehani anafuata nyuma akitingishika, pikipiki inakoroma, inakatakata, kuku wanaweza kuipita. "Mzee kaisha," alisema dereva, akaona nani kakaa kwenye kibao, akatia gia akaondoka.

Mwanaheri akanunua chungwa asilolitaka. Akalimenya ganda lote bila kulikata.

Halafu sauti ikaja. Kwanza kama mtu anapasua kanzu mbali sana. Kisha ikapanda, ikazidi kupanda, ikafika mahali ambapo sauti ya injini kwa kawaida huchoka, yenyewe ndiyo kwanza ikaanza kupiga kelele za furaha. Wapo wanaoapa kwamba korosho zilidondoka mitini kabla ya wakati wake, na kwamba mzee mmoja kiziwi aliuliza ni nani anamwita. Kwenye kona likatokea doa jekundu, na nyuma yake jeusi, na kabla macho hayajapepesa jeusi likawa mbele. Rehani akapita, kofia hana, mdomo wazi, mashavu yamerudi masikioni. Hakusimama. Hakuweza. Breki hakuna aliyezifikiria. Alikwenda kusimama kijiji cha mbele, ndani ya shamba la muhogo la mtu.

Ignatius akafika, akavua kofia ngumu, jasho linamtiririka. Akamwona Mwanaheri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mumeo kaweka nini mle ndani?"

"Mke," alisema Mwanaheri. "Ila kesharudishwa."

Ignatius akatema mate pembeni, akasema mbio hizo zilikuwa na hila, akasema atadai nyingine, akasema mengi ambayo wazazi wake wasingependa kuyasikia. Hakuna aliyemsikiliza. Watu walikuwa wanakimbilia upande wa pili, kumpokea Rehani aliyekuwa anarudi taratibu na majani ya muhogo kichwani.

Wakambeba. Wakamshusha. Akatafuta kwa macho mpaka akamwona, akasukuma watu, akaleta pikipiki hadi pembeni ya kibao, bado inawaka, inatetemeka.

"Mama Kibibi! Tumeshinda! Hukuachika!"

"Pikipiki haikuniacha," alisema Mwanaheri. "Nimeona."

"Panda tukatembee mbele ya watu."

Yeye akajifunga kanga vizuri, akaweka chungwa kwenye kikapu, akaanza kuondoka kwa miguu kuelekea kituo cha magari. Rehani akageuza pikipiki, akamfuata.

"Mke wangu. Ile uliyonayo mkononi. Unaniacha?"

Watu wakasogea, na Ignatius naye akasogea, maana hilo hata yeye alitaka kulisikia. Mwanaheri alitembea mpaka kelele za watu zikabaki nyuma, akitafakari nyumba ile, na mtu yule, na majina yale aliyomwita kwenye kiti. Hakuna aliyemsukuma. Lami ilikuwa moto, na miguu iliyoikanyaga ilikuwa yake.

"Leo sikuachi," alisema mwishowe.

"Na kesho?"

"Kesho hujaiona. Na ukitaka kunisindikiza, nisindikize. Ila usinipite."

Basi ndivyo walivyokwenda. Yeye mbele, kwa mwendo wa mtu anayetoka kisimani, na nyuma yake Rehani juu ya mnyama yule asiyetaka mwendo wa maharusi, miguu yote miwili inaburuza chini. Injini ilikohoa, ikatingishika, ikataka kuzimika, ikataka kuruka. Yeye akiishika kwa mikono miwili, akiibembeleza, polepole, polepole, mpaka kituoni.